James Watt (1736–1819): Fundi Aliyeuokoa Mvuke Uliopotea Bure

Kabla hujaanza kusoma maisha haya, itazame balbu inayokupa mwanga. Karibu na kitako chake utaona namba, pengine 9, pengine 60, ikifuatwa na herufi W. Herufi hiyo husomwa wati, na ndiyo inayokueleza balbu inatumia nishati kwa kasi gani. Wati lilikuwa jina la mtu kabla ya kuwa jina la kipimo. Mtu huyo hakuwahi kuona balbu ya umeme maishani mwake. Alikuwa fundi wa Uskoti aliyeitwa James Watt, na kazi yake ilikuwa mvuke.

Zingatia jambo moja tangu mwanzo. Kosa linalowaponza watahiniwa katika mada ya Mapinduzi ya Viwanda ni kuandika kwamba James Watt ndiye aliyebuni injini ya mvuke. Siyo kweli. Injini ya Thomas Newcomen ilianza kuvuta maji katika mgodi wa makaa ya mawe huko Uingereza mwaka 1712, yaani miaka 24 kabla Watt hajazaliwa. Hata ile hadithi ya mtoto Watt kuketi jikoni akitazama mvuke ukiinua kifuniko cha birika haifai kuwa hoja katika jibu lako. Watt hakubuni injini ya mvuke, bali aliiboresha. Lakini aliiboresha kiasi kwamba kifaa cha kukaushia migodi kikawa chanzo cha nguvu cha kuendesha viwanda vya kila aina.

Unaposoma, beba swali hili kichwani: Watt alipata wazo lake kuu mwaka 1765, lakini injini zake za kwanza zilianza kazi mwaka 1776. Kwa nini miaka 11 ilipita? Ukiweza kulijibu, utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya mada hii.

Utoto na malezi

James Watt alizaliwa Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock, kwenye mlango wa mto Clyde, Uskoti. Baba yake, aliyeitwa pia James, alikuwa fundi wa meli, muuza vifaa vya meli na mfanyabiashara. Mama yake, Agnes Muirhead, alikuwa mwanamke mwenye elimu nzuri. Mtoto huyu alikuwa mgonjwamgonjwa, akisumbuliwa sana na maumivu ya kichwa, hivyo kwa muda mama yake alimfundisha nyumbani. Alipokwenda shule, somo lililomng'arisha lilikuwa hisabati.

Shule yake ya pili ilikuwa karakana ya baba yake. Huko alipewa vifaa vyake mwenyewe, akajifunza kuchonga, kufua na kuunda vielelezo vidogo vya mashine. Kumbuka hilo, kwa kuwa Watt hakusoma chuo kikuu. Aliingia chuo kikuu kwa mlango mwingine, mlango wa fundi.

Mama yake alifariki mwaka 1753, na mambo ya biashara ya baba yake yakaanza kuharibika. Kijana alilazimika kutafuta kazi ya kujitegemea. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza utengenezaji wa vifaa vya kupimia, kama vile dira na mizani za kisayansi. Kwa kawaida uanagenzi ulidumu miaka 7. Watt hakuwa na fedha wala muda wa kukaa miaka yote hiyo. Alimlipa fundi mmoja amfundishe kwa mwaka 1, akafanya kazi kwa bidii hadi afya yake ikadhoofika, kisha mwaka 1756 akarudi Uskoti.

Fundi wa Chuo Kikuu cha Glasgow

Alipotaka kufungua karakana mjini Glasgow alikutana na kikwazo. Vyama vya mafundi vililinda kazi za wanachama wao, na mtu ambaye hakumaliza uanagenzi wake hakukaribishwa. Bahati yake ilitokea Chuo Kikuu cha Glasgow. Chuo kilikuwa kimepokea vifaa vya kuchunguzia nyota kutoka Jamaica, mali ya tajiri aliyekwisha kufariki, navyo vilihitaji kusafishwa na kutengenezwa baada ya safari ya baharini. Watt alipewa kazi hiyo. Mwaka 1757 chuo kikampa chumba cha karakana ndani ya eneo lake, mahali ambapo vyama vya mafundi havikuwa na mamlaka.

Hapo ndipo alipofanya urafiki na wasomi. Mmoja alikuwa Joseph Black, mwalimu wa kemia aliyekuwa akichunguza tabia za joto. Mwingine alikuwa John Robison, kijana msomi aliyekuwa wa kwanza kumwelekeza Watt kwenye suala la mvuke. Fundi alipata maarifa ya wasomi, na wasomi walipata mikono ya fundi.

Mwaka 1764 Watt alimwoa binamu yake, Margaret Miller.

Injini ndogo iliyogoma

Chuo kilikuwa na kielelezo kidogo cha injini ya Newcomen kilichotumika kufundishia. Kilikuwa hakifanyi kazi vizuri, na katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764 Watt aliombwa akitengeneze. Alikitengeneza, lakini kilikwenda mizunguko michache tu kisha mvuke ukaisha. Fundi mwingine angesema kazi imekwisha. Watt aliuliza mvuke huo ulikuwa unakwenda wapi.

Ili uelewe jibu, elewa kwanza jinsi injini ya Newcomen ilivyofanya kazi. Fuata hatua hizi:

1. Mvuke kutoka kwenye tangi la kuchemshia maji uliingia ndani ya silinda, chini ya pistoni.
2. Maji baridi yalinyunyizwa ndani ya silinda hiyohiyo. Mvuke ulipoa, ukageuka kuwa maji, na ndani kukabaki ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa.
3. Uzito wa hewa ya nje uliisukuma pistoni chini.
4. Pistoni ilivuta upande mmoja wa boriti kubwa, na upande wa pili wa boriti ukanyanyua pampu ya maji mgodini.

Sasa tazama kasoro. Silinda ilipaswa kuwa ya moto ili mvuke uijaze, na papo hapo ilipaswa kuwa baridi ili mvuke ugeuke maji. Kila mara ilipopozwa, mvuke mwingi uliofuata ulitumika kuipasha moto upya kabla haujafanya kazi yoyote. Watt alipima, akaona kwamba karibu robo tatu ya mvuke ilipotea kwa njia hiyo. Aligundua pia kwamba mvuke kidogo unaweza kupasha moto maji mengi ya baridi, na Black akamweleza sababu yake: mvuke hubeba joto fiche, ambalo hutoka pale unapogeuka kuwa maji.

Katika mgodi wa makaa ya mawe hasara hii ilivumilika, kwa kuwa makaa yalikuwa palepale. Mahali pengine injini hiyo ilikula fedha.

Wazo la mwaka 1765

Watt alilifikiria tatizo hilo kwa muda mrefu. Jawabu lilimjia Jumapili moja mwezi Mei 1765, alipokuwa akitembea katika uwanja wa Glasgow Green. Mvuke hukimbilia mahali penye ombwe. Basi, kwa nini usipozwe nje ya silinda? Kama silinda itaunganishwa kwa bomba na chombo cha pembeni kilicho baridi wakati wote, mvuke utakimbilia humo na kugeuka maji, huku silinda yenyewe ikibaki ya moto wakati wote. Chombo hicho huitwa kondensa. Kwa kuwa siku ya Jumapili Waskoti wa wakati huo waliiheshimu kwa kutofanya kazi, ilimbidi asubiri hadi kesho yake ndipo aanze kulijaribu wazo hilo.

Ukiulizwa mchango mkubwa kuliko yote wa Watt, taja kondensa iliyotengwa na silinda. Kisha eleza faida yake: injini ilifanya kazi ileile kwa makaa yaliyopungua kwa zaidi ya nusu.

Miaka 11 ya kusubiri

Kielelezo kidogo kilifanya kazi. Injini kubwa ilikataa. Hapa ndipo linapojibiwa lile swali la mwanzo, na ni vema ulijibu kwa hoja tatu.

Kwanza, mtaji. Watt hakuwa tajiri. Alisaidiwa na John Roebuck, mwenye viwanda, ambaye alichukua theluthi mbili za haki za ubunifu huo. Mwaka 1769 Watt alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomkataza mtu mwingine kutumia ubunifu wako bila idhini yako. Lakini biashara za Roebuck zilidorora, naye Watt akalazimika kutafuta riziki kwa kupima ardhi ya kuchimba mifereji. Kwa miaka mingi injini ilikaa kando.

Pili, ufundi. Pistoni lazima iibane silinda pande zote ili mvuke usivuje. Mafundi wa wakati ule hawakuweza kutoboa silinda kubwa ya chuma ikawa duara kamili kutoka juu hadi chini. Newcomen aliziba nyufa kwa kumwaga maji juu ya pistoni, lakini Watt hakuweza kufanya hivyo, kwa sababu maji yangeipoza silinda yake.

Tatu, soko. Ilibidi wapatikane wateja wenye kazi ya kuipa injini hiyo na walio tayari kuamini mashine mpya.

Mwaka 1773 ulikuwa mwaka mchungu kuliko yote. Roebuck alifilisika. Mwezi Septemba, Watt akiwa mbali kaskazini mwa Uskoti akipima njia ya mfereji, alipata habari kwamba Margaret yu mahututi kwa uzazi. Alirudi akakuta mkewe amekwisha kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 37, mjane mwenye watoto wadogo, na injini yake kubwa ilikuwa bado haijamlipa chochote.

Birmingham na ushirika na Boulton

Kufilisika kwa Roebuck kulifungua mlango mwingine. Hisa zake zilichukuliwa na Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha bidhaa za chuma kilichoitwa Soho, karibu na Birmingham. Mwaka 1774 Watt alihamia huko. Tabia za watu hawa wawili zilitofautiana. Watt alikuwa mtu wa wasiwasi, aliyekata tamaa upesi na kuchukia mambo ya fedha na mabishano ya biashara. Boulton alikuwa mchangamfu, mwenye mtaji na jicho la soko.

Tazama sasa jinsi vile vikwazo vitatu vilivyoondolewa. Boulton alileta mtaji, na mwaka 1775 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kurefusha hataza ya Watt hadi mwaka 1800, hivyo kukawa na muda wa kurudisha fedha zilizowekezwa. John Wilkinson, mfua chuma aliyebuni njia mpya ya kutoboa mizinga, alitumia ujuzi huohuo kutoboa silinda zilizonyooka. Mwaka 1776 injini mbili za kwanza zilianza kazi: moja katika mgodi wa makaa karibu na Birmingham, nyingine katika tanuri la chuma la Wilkinson mwenyewe.

Soko lilipatikana Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Huko kulikuwa na migodi ya shaba na bati iliyojaa maji, lakini makaa ya mawe yaliletwa kwa meli, na bei yake ilikuwa kubwa. Boulton na Watt hawakudai bei ya injini peke yake. Walidai malipo sawa na theluthi moja ya fedha ambazo mteja aliokoa kwa kununua makaa machache. Mwanzoni wenye migodi walifurahi. Miaka ilivyopita walianza kuyaona malipo hayo kuwa mzigo, na baadhi wakakataa kulipa.

Mwaka 1776 Watt alioa mara ya pili, mke akiwa Ann MacGregor.

Kutoka mgodini hadi kiwandani

Hadi hapo injini ilijua kazi moja: kupanda na kushuka. Hiyo yatosha kwa pampu, lakini mashine za kusokota nyuzi na kusaga nafaka zinahitaji kuzungushwa. Boulton alimsukuma mwenzake kutafuta njia. Maboresho yaliyofuata ni haya, nayo hutokea katika maswali ya kuoanisha:

- 1781: mfumo wa magurudumu ya meno ambapo moja huzunguka jingine kama sayari inavyolizunguka jua. Njia nyepesi zaidi ilikuwa krenki, yaani mkono uliopinda kama ule unaobeba pedeli ya baiskeli, lakini ilikuwa imewekewa hataza na mtu mwingine.
- 1782: injini ambayo mvuke huisukuma pistoni pande zote mbili, juu na chini.
- 1784: fito zilizoungwa ili fimbo ya pistoni ipande na kushuka wima huku boriti ikizungusha ncha zake. Ubunifu huu ndio Watt aliojivunia zaidi.
- 1788: kidhibiti mwendo, chenye mipira miwili inayozunguka. Injini ikienda kasi mno, mipira hupanuka na kupunguza mvuke. Ikipungua kasi, hushuka na kuufungulia.

Ili mteja ajue anachonunua, Watt alilinganisha injini na farasi waliokuwa wakizungusha vinu. Ndipo akaweka kipimo cha nguvu za farasi. Nguvu ya farasi mmoja ni takriban wati 746.

Mwaka 1785 injini ya Watt ilifungwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba huko Papplewick. Fikiria maana yake. Viwanda vya awali, kama kile cha Richard Arkwright cha Cromford, vilijengwa kando ya mito kwa sababu viliendeshwa na maji. Kiwanda cha mvuke kingeweza kujengwa mjini, karibu na wafanyakazi, makaa na soko. Miji ya viwanda ilikua, na watu wa mashambani wakaifuata kazi huko.

Upande wa pili wa sarafu

Jibu bora halisifu tu. Mtahini hupenda kuona umepima faida na hasara, na maisha ya Watt yanakupa hoja mbili.

Hoja ya kwanza ni hataza. Iliwapa Watt na Boulton nguvu ya kuendelea, na bila hiyo huenda injini isingeuzwa kabisa. Lakini iliwafunga wengine. Jonathan Hornblower, aliyekuwa amebuni injini ya silinda mbili, alizuiwa na hataza hiyo kuiendeleza. Watt aliogopa pia mvuke wenye mgandamizo mkubwa kwa sababu matangi yangeweza kupasuka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini mvuke huo ndio uliohitajika kupata injini ndogo ya kuvuta mabehewa. Hataza iliisha mwaka 1800. Mwaka 1804 Richard Trevithick aliendesha garimoshi lake juu ya reli huko Wales.

Hoja ya pili ni utumwa. Sehemu kubwa ya pamba iliyolishwa viwandani ilivunwa na Waafrika waliofanywa watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Tajiri aliyeachia chuo vile vifaa vya nyota alikuwa mmiliki wa watumwa huko Jamaica. Baadaye injini za kampuni ya Boulton na Watt zilinunuliwa pia na wenye mashamba ya miwa ya Karibi. Usiitenganishe mada ya viwanda vya Ulaya na mada ya biashara ya utumwa. Zilikwenda pamoja.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1800 Watt alistaafu akiwa mtu tajiri. Kufikia wakati huo yeye na Boulton walikuwa wametoa karibu injini 500. Furaha yake haikukamilika. Watoto aliozaa na Ann, Janet na Gregory, walikufa kwa kifua kikuu wakiwa vijana. Mzee alijifungia katika karakana ya darini nyumbani kwake Heathfield, akiunda mashine ya kunakili sanamu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1819, akiwa na umri wa miaka 83. Karakana yake ilifungwa ikaachwa kama alivyoiacha, na mwaka 1924 ikahamishiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Jina lake lilipewa kipimo cha nguvu, na ndilo hilo unalolisoma kwenye balbu.

Mambo ya kukumbuka siku ya mtihani

Chagua kitenzi kwa uangalifu. Newcomen alibuni injini iliyotumika migodini, Watt aliiboresha. Usiishie kwenye wazo la 1765. Onesha kwamba ubunifu ulihitaji maarifa ya Black, mtaji wa Boulton, mikono ya Wilkinson, sheria ya Bunge na wateja wa Cornwall. Jibu linalomtaja Watt peke yake ni nusu ya jibu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kasoro kuu ya injini ya Newcomen na namna Watt alivyoiondoa.
2. Kwa kutumia hoja tatu, fafanua kwa nini miaka 11 ilipita kati ya wazo la Watt na injini zake za kwanza.
3. Kwa nini migodi ya Cornwall ilikuwa soko zuri zaidi kwa injini ya Watt kuliko migodi ya makaa ya mawe?
4. Hataza ya Watt ilisaidia na pia ilikwamisha maendeleo ya mashine. Jadili.